Fimbo ya Mwanzi ya Gego

Kwa miaka ishirini na miwili, kati yangu na Fundi palikuwa na ukuta mmoja tu wa mbao. Upande wangu kulikuwa na kiti cha wagonjwa, taa, na daktari wa meno ambaye mimi nilikuwa msaidizi wake. Upande wa pili kulikuwa na chumba cha Fundi: vumbi la plasta, harufu ya nta iliyoyeyushwa, na rafu nzima ya vinywa vya watu waliokuwa majumbani kwao wakisubiri kutafuna. Alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Alimimina plasta, akachonga nta, akapanga jino moja baada ya jingine, akapika fizi mpaka zikawa ngumu, kisha akazing'arisha kwenye mashine iliyokuwa ikilia kama mbu mkubwa. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza, "Fundi, umekula?" atajibu, "Nimekula, Dada," hata kama chakula chake bado kimefungwa pale pale mezani.

Wengine hupata wachumba arusini. Yeye alimpata kwenye kiti cha kung'olea meno, shavu limevimba kama limeficha limau. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, mwanamke wa mzaha na kicheko cha haraka, na sisi wote tulimwita Bi Chapa. Fundi alikuwa na miaka thelathini na minane na tulishamkatia tamaa. Miezi mitano baadaye walioana, na Bi Chapa akaingia nyumbani kwa Fundi na masanduku mawili, cherehani, na binti wa miaka sita.

Baba wa yule mtoto alikuwa ameondoka kabla hajaota jino la kwanza. Mtoto hakumjua, lakini alikuwa na heshima zake: hakuwa tayari kumpa mtu mwingine nafasi ile kwa sababu tu amepewa chumba na godoro. Bi Chapa alitoka kazini jioni, kwa hiyo kila siku baada ya shule binti alikuja kliniki, akaketi kwenye kigoda ndani ya chumba cha Fundi, akafanya hesabu zake. Ukimwuliza jambo, ni ndiyo au hapana. Zaidi ya hapo, mlango umefungwa.

"Atazoea," nilimwambia Fundi siku moja.

"Huyu ni gego, Dada," akasema. "Jino la mbele unalitikisa, linakuja. Gego lina mizizi mitatu. Ukilivuta kwa nguvu unavunja taya."

Basi jina likamkaa. Gego. Fundi hakumvuta. Alimwachia vipande vya nta afinyange anachotaka, akaendelea na kazi yake. Miaka miwili ilipita hivyo, wawili hao wakifanya kazi migongo imeelekeana, kimya, na mimi nikiwasikia kupitia ukuta kwa jinsi wasivyosikika.

Kisha akaja Mama Mianzi.

Huyu alikuwa mjane mwenye vidole vyeusi vya vanishi, na alileta meno yake ya juu mkononi, yamepasuka vipande viwili. Ilikuwa mara ya tatu mwaka ule. Fundi akamwuliza anakula nini. "Sili kitu," akasema. "Ninafunga nyuzi. Meno yangu ndiyo mkono wangu wa tatu." Marehemu mumewe alikuwa akitengeneza fimbo za kuvulia samaki kwa mianzi, na alipofariki, yeye akaendelea na kazi. Kila pete inayopitisha mshipi ilifungwa kwenye fimbo kwa uzi wa hariri, na uzi ule aliubana kwa meno huku mikono ikizungusha fimbo.

Fundi alisema hawezi kumtengenezea meno ya kazi asiyoijua. Jumamosi akamfuata kwenye karakana yake, nyuma ya duka la seremala, na kwa kuwa Bi Chapa alikuwa na wageni, akamchukua Gego.

Kule ndani fimbo zilining'inia darini, kama ishirini hivi. Gego akazitazama zote, kisha, bila kuulizwa, akafungua mdomo.

"Hizi ni za kumpiga nani?"

"Za kumbembeleza samaki," Mama Mianzi akajibu. "Kumpiga, utampigia wapi na yeye yuko majini?"

Akawaonyesha. Mwanzi unapasuliwa vibanzi sita, kila kibanzi kinapigwa randa mpaka kinakuwa chembamba kama njiti, kisha sita vinagundishwa vinakuwa kimoja. Katikati kuna kiungio cha shaba ili fimbo itenganishwe vipande viwili. Chambo chake si mnyoo. Ni nzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo, hana uzito hata kidogo. Kwa hiyo huwezi kumtupa kama jiwe. Mshipi ndio unaombeba. Unaurusha nyuma yako, unasubiri unyooke huko usikokuona, ndipo unaurudisha mbele. Ukiwa na papara, unajifunga shingo mwenyewe.

Kisha akashusha fimbo tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyeusi, inang'aa, na Fundi akaielekea moja kwa moja.

"Usichague kwa macho," Mama Mianzi akamwambia. "Macho yananunua vanishi. Mpe mtoto. Wewe mtoto, fumba macho. Tikisa taratibu, uisikilize mkononi."

Gego akashika ile nyeusi, akatikisa, akairudisha. Akashika ya pili, ndefu, akakunja uso. Ya tatu ilikuwa rangi ya majani makavu, fupi, futi saba tu, na karibu na ncha ilikuwa imefungwa uzi mwekundu mahali ilipowahi kuvunjika. Akaitikisa mara nyingi. Akaendelea kufumba macho.

"Hii," akasema. "Hii hainiharakishi."

"Hiyo ina kovu," Fundi akasema.

"Najua. Nimelisikia."

Mama Mianzi akacheka kwa ufizi mtupu. Alisema ile ndiyo fimbo aliyojifunzia mwenyewe, na kwamba meno mapya yakimkaa vizuri, wao na yeye hawadaiani. Jumatatu yake Fundi alibisha ukutani kwangu kabla hata ya kuvaa koti la kazi. "Dada, tangu juzi anaongea. Sentensi nzima nzima." Alinihesabia, akazirudia moja moja kama mtu anayesoma barua.

Nyumbani nako kulizuka kisa. Fundi alimwambia mkewe, "Nimemtafutia mtoto fimbo," na Bi Chapa akaacha kupepeta mchele.

"Fimbo ya nini? Mtoto wangu hapigwi."

"Ya kuvulia samaki."

"Samaki wanauzwa sokoni, tena wameshaparuliwa." Kisha akaona ile fimbo, akaona na nzi wa manyoya, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mume wangu mimi! Meno ya bandia, na sasa nzi wa bandia. Siku moja nitakugusa nikute na wewe ni plasta."

Ulikuwa utani mwema wakati ule. Wote watatu walicheka.

Mto wenyewe ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa pikipiki, unashuka kutoka milimani, maji baridi yanayouma vifundo vya miguu. Kulikuwa na trauti, samaki wa madoa, mwoga kuliko paka. Fundi naye alijitwalia fimbo kwa Mama Mianzi, na kila Jumapili asubuhi wawili hao walikwenda. Msimu mzima wa kwanza hawakupata kitu. Fundi alivua kofia yake, alivua matawi ya miti, siku moja alimvua shati mzee aliyekuwa anapita na baiskeli. Gego ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa na subira ile ya mtoto aliyekaa miaka miwili kwenye kigoda. Fimbo yake ilikwenda nyuma, akatulia, ikarudi, na mshipi ukalala juu ya maji kama unywele.

Kliniki tulianza kuona mambo. Uzi wangu wa kusafishia meno ulikuwa ukiisha ovyo, mpaka nikagundua kwamba Gego anaufungia nzi wake. Jogoo wa mlinzi wetu alibaki na mkia wa kuonea huruma. Penye jiliwa ambalo Fundi alibania vinywa vya plasta, sasa kulikuwa na ndoana imebanwa, na kichwa cha mtoto kimeinama juu yake, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

Siku ya kwanza Gego kumwita Baba, Fundi alinisimulia mwenyewe, na hakunisimulia siku ile, alingoja wiki nzima. Gego alikuwa na miaka kumi. Fundi alikuwa amesimama katikati ya mto, jiwe likamteleza, akaanza kuchukuliwa na maji. Mtoto akapiga kelele kutoka ukingoni: "Baba, shika mzizi! Upande wako wa kushoto, Baba!" Akashika mzizi. Akatoka amelowa mpaka kifuani. Hakuna aliyelizungumzia neno lile. Walikausha nguo juani, wakala mikate yao, wakarudi. Lakini tangu siku hiyo aliitwa Baba kila siku, kwa mambo madogo kabisa, Baba nipe mkasi, Baba umeona kalamu yangu, na mimi upande wangu wa ukuta nilikuwa nikisikia anachelewa kuitika. Si kwamba hakusikia. Alitaka aitwe mara ya pili.

Ndoa ilikufa taratibu. Sitasema mengi, kwa sababu mwenye mengi ya kusema hayupo. Hapakuwa na matusi wala kupigana. Bi Chapa alipenda watu, ngoma na safari, na alikuwa ameolewa na mtu ambaye jioni anang'arisha viatu vya wote watatu na kulala. Walipompandisha cheo na kumhamishia mji wa mbali, alimwambia Fundi mezani kwamba angependa kwenda peke yake.

"Peke yako na nani?" Fundi akamwuliza.

"Na mwanangu."

Alisema mwanangu, na lilikuwa neno sahihi. Gego alikuwa na miaka kumi na minne.

Mimi ndiye niliyemsindikiza Fundi kwa afisa ustawi wa jamii. Alivaa suti ya arusi yake. Afisa alikuwa kijana mstaarabu, alituketisha, akachukua kalamu.

"Uhusiano wako na mtoto ni upi?"

"Nimemlea tangu ana miaka sita."

"Hilo nimelipata, mzee wangu. Nauliza uhusiano."

Fundi akafikiri. Nilimwona anatafuta, kama mtu anayepapasa mifuko yote.

"Huwa tunakwenda kuvua pamoja," akasema.

Afisa akaweka kalamu chini. Akaeleza kwa upole kwamba kama angekuwa amemuasili kisheria, pangekuwa na la kuzungumza. Hivi ilivyo, mtoto anamfuata mama yake, na baba wa kambo akishaachana na mama, sheria haina pa kumweka. "Miaka yote hiyo hukufikiria kuleta karatasi?"

"Sikujua kama nilipaswa kuomba," Fundi akasema.

Siku ya kuhama nilikuwepo, nilikwenda kumsaidia Bi Chapa kufunga vyombo. Gari lilikuwa limeshajaa wakati Gego aliposhuka tena, amebeba fimbo ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Alikuwa amerefuka, karibu amfikie Fundi begani.

"Iache kwako," akamwambia. "Huko hakuna mto kama wetu. Nikija likizo nisianze kuitafuta."

"Nitaitunza."

"Usiiegemeze ukutani, Baba. Itapinda."

"Nani aliyekufundisha hilo kama si mimi?"

"Mama Mianzi," akasema, akacheka, na sura yake ikabadilika kabla hajamaliza kucheka. Mama yake akaita. Akapanda. Fundi akasimama na ule mfuko kifuani mpaka vumbi likatulia. Kesho yake alipanga meno ya mteja, jino la chonge la kushoto akaliweka kulia. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akikosea hivyo.

Daktari alimruhusu kutumia simu ya kliniki. Kila Jumamosi saa nane mchana, tukishafunga, Fundi alinawa mikono, akapiga. Mimi nilikuwa nikichemsha vifaa, kwa hiyo kila simu niliisikia. Mara tatu nne za kwanza alimpata mwenyewe, na alipompata alisimama wima kama mwanafunzi. Baadaye akawa anapokea Bi Chapa tu. Yuko masomo ya ziada. Amelala. Amekwenda kwa shangazi zake, maana ndugu wa baba mzazi walikuwa wamejitokeza, na baba mzazi mwenyewe nyuma yao. Fundi alisema sawa, mpe salamu zangu, nitapiga Jumamosi ijayo. Na akapiga. Likizo ya kwanza alinunua godoro jipya. Gego hakuja. Likizo ya pili alipaka rangi chumba. Hakuja.

Siku ya mwisho nilisikia upande wa Fundi tu, lakini ulitosha.

"Ninamvuruga vipi?" Kimya. "Amesema mwenyewe?" Kimya kirefu. "Kwa maneno yake?" Kisha: "Basi. Kama ni yeye aliyesema, basi."

Akaweka mkono wa simu mahali pake polepole kama anaweka yai. Aliniambia, "Amesema hataki nipige tena, Dada. Amekua. Ana haki yake." Akaingia chumbani mwake, akawasha mashine ya kung'arisha, na ikalia mpaka jioni bila kitu cha kung'arisha. Nililiona hilo nilipokwenda kufunga madirisha.

Miaka tisa ikapita juu ya neno hilo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, tunawaambia watu hivyo kila siku, lakini hakuna aliyewahi kutuambia mlezi anafanya nini siku akiambiwa kazi imekwisha. Fundi aliendelea kwenda mtoni na fimbo yake mwenyewe. Ile ya Gego aliitundika sebuleni kwa msumari, imenyooka, na kila baada ya mvua kuisha aliishusha, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Hakuivulia hata siku moja. Mama Mianzi alipofariki, alizikwa na meno ya Fundi kinywani, na Fundi alisema hiyo ndiyo seti yake iliyofanya kazi kuliko zote.

Habari za Bi Chapa tulizipata kwa mgonjwa mmoja, karani wa ofisi ya ardhi. Bi Chapa alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa ini, miezi saba iliyopita. Fundi akaja kwangu uso umekauka.

"Mtoto yuko peke yake," akasema.

"Ana miaka ishirini na mitatu, Fundi. Na ana baba yake."

"Nataka kutoa pole tu."

"Miezi saba baadaye?"

"Pole haiozi."

Akaenda, kwa maelekezo ya yule karani. Safari ya kutwa nzima, na mfuko wa fimbo kati ya magoti. Yaliyofuata aliniambia vipande vipande, na ilichukua miezi.

Gego alikuwa fundi wa miwani, kwenye duka lenye vioo barabarani. Fundi alimwona kabla hajaonwa: amevaa koti jeupe, amebana kioo cha miwani kwenye kijiliwa kidogo, anakisugua pembeni, ulimi umetokeza kidogo. Akaingia.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Unahitaji kupimwa macho?"

"Marahaba," akasema. Akavua kofia. "Ni mimi. Fundi. Yule wa meno."

Msichana akabaki na kioo mkononi. Mwenzake wa kaunta akauliza ni nani, na yeye akajibu, bila kumwondolea Fundi macho, "Ni mtu aliyekuwa akikaa na mama zamani."

Alimpeleka chumba cha nyuma, akamwekea chai. Fundi akatoa pole. Wakazungumza habari za ugonjwa, za mazishi, za nani alikuja na nani hakuja. Gego alisema baba yake mzazi alikaa nao miaka miwili tu kisha akaenda zake tena, na kwamba mwishoni ni yeye na mama yake tu, chumba kimoja, na ndipo walipopatana kuliko wakati wowote. Alimnawisha, alimlisha, alimkata kucha. Mama alifia mikononi mwake. Picha yake ilikuwa hapo ukutani, anacheka, na Fundi alisema alishindwa kuitazama na kushindwa kutoitazama.

Kisha Gego akauliza.

"Kwa nini uliacha kupiga simu?"

Fundi akaweka kikombe chini.

"Nilikusubiri," Gego akasema. "Likizo ya kwanza nilifunga begi, nikakaa nalo mlangoni siku mbili. Mama alisema umekuwa na mambo yako. Likizo ya pili sikufunga begi, lakini nilikusubiri hivyo hivyo. Mama alikuwa akiniambia nisikulaumu. Alisema watu wengine upendo wao unaishia mlangoni, na si dhambi. Alikutetea mpaka nikamkasirikia yeye."

Hebu fikiria. Miaka tisa mtu amelala na kuamka akijua kwamba mtoto alimkataa kwa kinywa chake. Sasa anaambiwa kwamba hakukataliwa hata siku moja. Na anaambiwa wakati huo huo ni nani aliyewakata wote wawili, na huyo yuko ukutani, anacheka, na mbele yake kuna binti ambaye hana mwingine wa kumlilia.

Angeweza kusema nilipiga kila Jumamosi saa nane. Alikuwa na shahidi, mimi hapa. Alichosema ni hiki:

"Nilishindwa. Nilikuwa na uchungu na mama yako, nikakuadhibu wewe. Ni kosa langu. Nisamehe."



"Nilidhani hivyo," Gego akasema. "Afadhali umesema."

Alikuwa ameupiga ule mfuko jicho tangu mwanzo. Fundi akampa. Akaufungua, akaona uzi mwekundu karibu na ncha, akaugusa kwa kidole. "Bado ipo."

"Ni yako."

"Siku hizi sivui, mzee. Sina hata muda." Hata hivyo aliichukua. Akaiegemeza ukutani, pembeni mwa kabati. Fundi alitaka kumwambia aitundike. Akaona hana tena nafasi ya kumwambia hivyo, akanywa chai iliyobaki, akaaga.

Aliponisimulia sehemu ile ya kukubali kosa, nilikasirika mpaka nikasimama. "Umejizulia uongo! Umejipaka matope kwa mikono yako mwenyewe!"

"Keti, Dada."

"Nitampigia mimi. Nitamwambia kila Jumamosi niliyoisikia."

"Utampigia umwambie nini? Kwamba mama aliyemzika alimdanganya?" Hakupaza sauti. "Mimi, niwepo nisiwepo, hanihitaji. Yule mtoto hana mwingine ila mama yake. Akimkosa na yeye, atabaki na nani?"

Nikaketi, nikalia. Na sikupiga. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Gego alikuja. Alituma ujumbe mapema, akafikia nyumba ya wageni. Alikuja na fimbo, na ncha yake ilikuwa imepinda.  Fundi aliipitisha juu ya mvuke wa birika, akainyoosha kwa vidole kidogo kidogo kama anavyonyoosha waya wa meno, na asubuhi wakaenda mtoni, kwa gari alilokodi binti.

Mikono yake ilikuwa haijasahau, Fundi alisema. Mara tatu tu alikosea, ya nne mshipi ukalala sawasawa. Alipata samaki mmoja, wa kiganja, akamwachia. Walizungumza habari za vioo na plasta, kipi kigumu kusugua. Alimwita mzee asubuhi nzima, kwa adabu kamili. Fundi alikuwa karibu naye, amejiweka mahali penye mawe ya utelezi, na nilipomwuliza kwa nini mtu wa miaka yake asimame pale, aliniambia pale pana mzizi, upande wa kushoto. Saa sita Gego akaangalia saa yake, akasema barabara ni ndefu.

Na mlangoni kwa Fundi, kabla ya kuondoka, akasema lililomleta. Picha zote za mama yake za ujanani ziliharibika na maji walipohama mara ya pili. Je, Fundi alikuwa nazo zozote?

Alikuwa na albamu nzima. Ya arusi, ya ofisini, Bi Chapa na cherehani, Bi Chapa na Gego akiwa hana meno mawili ya mbele, wote watatu mbele ya kliniki. Gego alizipitia akiwa amesimama, akilia kimya kimya, akisema, "Tazama mama. Tazama mama hapa." Fundi akamwambia azichukue. Zote. Akaziweka kwenye begi, akamshukuru, akampa mkono, kisha akamkumbatia haraka, akaondoka.

Jumatatu Fundi alikuja kazini kama kawaida. Kulikuwa na seti ya mwalimu mmoja iliyotakiwa kabla ya saa sita. Nikamwuliza kwa nini hakubakiza hata picha moja.

"Imebaki moja," akasema. "Aliirudisha, alisema ni mbovu, mama hayumo."

Akanionyesha. Ilikuwa imepigwa mtoni, mkono wa mpigaji umetikisika. Mtoto wa miaka tisa au kumi amegeuza kisogo, anatazama maji, na kando yake kuna kivuli cha mtu anayeshika kamera. Nikamwambia ni nzuri. Akaiweka mfukoni mwa koti, akaomba nimpitishie nta.